Kadudu kanaruka kwenye jani na jina lake hulijui? Tuangalie unakwama wapi

Mvua zikishika Dodoma, Desemba hivi mpaka Aprili, ukiwasha taa ya barazani usiku unajua mwenyewe kinachotokea. Kumbikumbi, vipepeo vya usiku, mende wa kila aina, na katikati yao kuna tududu twembamba kama punje ya mchele, twa kijani, twa njano, tungine tuna mistari, ukisogeza kidole karuka zamani hukaoni tena. Hao ndo jasidi. Maafisa ugani wa pamba wanawaita chawa jani, ila mtaani hilo jina watu wanalipachika kwa kila kitu kidogo kinachokaa kwenye jani kwa hiyo mimi hapa nasema jasidi tu, tusije tukachanganyana.

Nawakusanya huku kati misimu kadhaa sasa, Hombolo, Bahi, Kongwa kidogo, na watu wakinitumia picha kuuliza "mkuu huyu ni nani" wanakwama palepale nilipokwama mimi. Basi tafuta hali inayofanana na yako humu chini, usisome yote kama huna haja.

Simu imekupa jina lakini mdudu ni wa Marekani

Hii ndo naipata sana. Shemeji yangu ana zabibu Mpunguzi, akapiga picha majani yenye vidoti vyeupe na kajasidi kamoja juu yake, apu ya kutambua wadudu ikamwambia Erythroneura, yeye huyo akaanza kutafuta dawa aliyoisoma kwenye ukurasa wa wakulima wa huko California. Sasa Erythroneura wa kwenye zabibu ni jasidi wa Marekani, anajulikana sana huko, amepigwa picha nyingi mno. Familia nzima ya jasidi, Cicadellidae, ina spishi zaidi ya 20,000 zilizopewa majina, na picha zilizojaa mtandaoni nyingi ni za Ulaya na Marekani Kaskazini, kwa hiyo apu inafanya kama mtu aliyekariri majina ya kijiji kimoja afu anaulizwa watu wa kijiji kingine, anataja anayefanana.

Cha kufanya, usifute apu, ila ishushe cheo. Chukua kile inachosema kwenye ngazi ya familia, mana hapo mara nyingi inapatia, jina la spishi achana nalo mpaka upate ushahidi wa mwili wa mdudu mwenyewe. Na hata hiyo familia ithibitishe, tunakuja hapo sasa hivi.

Anaruka ndio, ila ni jasidi kweli?

Angalia mguu wa nyuma. Narudia, mguu wa nyuma, rangi weka pembeni kwanza. Mlaze mdudu ubavu, chukua lenzi ya mara 10 (ya mara 20 ni nzuri zaidi, na hizi lenzi za kubana kwenye simu zinafaa kabisa), tafuta muundi, ile sehemu ndefu kati ya goti na unyayo. Muundi wa jasidi una pembe kama rula, na kwenye hizo pembe kuna miiba myembamba imepangwa kwa safu toka juu hadi chini kama meno ya kitana. Ukiona kitana una jasidi, endelea mbele.

Ukikuta muundi uko karibu laini, una mwiba mmoja au miwili minene pembeni na kishada cha miiba kwenye ncha, huyo ni ndugu wa wale ambao watoto wao wanaishi ndani ya povu kama mate yaliyotemwa kwenye shina. Wapo wa Afrika wanaitwa Ptyelus, wakijaa kwenye mti matone yanadondoka chini mpaka mtu anadhani kuna mvua wakati mbingu iko kavu, na wazee wana hadithi zao kuhusu hiyo miti mi siziingilii.

Ukikuta kwenye ncha ya muundi kuna kama kidole kimoja kikubwa kinachezacheza, na papasi zimeota chini ya jicho, umeshika Delphacidae, familia nyingine hiyo. Hao kwenye majaruba ya mpunga wanachanganywa na jasidi kila siku mana wanaruka vilevile na wanakaa pamoja.

Kwenye migunga utakuta kitu kama mwiba unaotembea, mara nyingi sisimizi wamekizunguka. Huyo kifua chake kimerefuka kikaenda nyuma kufunika mgongo, ni Membracidae, wa ukoo mmoja na jasidi lakini nyumba tofauti. Mwenye papasi ndefu unazoziona hata bila lenzi, aliyekaa kainua mkia juu kwenye majani machanga ya ndimu, naye siye. Papasi za jasidi ni fupi, nyembamba kama unywele. Na kama anapeperuka kama majivu ukitikisa mmea wala haruki, huyo ni inzi mweupe, umepoteza muda.

Nilishabeba chupa nzima ya "jasidi" kutoka Bahi nikakaa nayo wiki mbili kabla ya kuangalia miguu. Zaidi ya nusu walikuwa Delphacidae.

Madhara unayaona, mdudu humuoni

Vidoti vyeupe vyeupe juu ya jani kama limenyunyiziwa unga wa sembe: geuza jani. Ukikuta utando mwembamba na vitu vidogo sana vinatambaa, ni utitiri. Ukikuta makovu yanang'aa kama fedha na vidonge vyeusi vya kinyesi, fikiria thripi. Ukikuta magamba meupe yameganda chini ya jani, yana umbo kamili la mdudu mpaka na miguu, hayo ni maganda waliyojivua watoto wa jasidi, wenyewe wamekukimbia ulipokuja. Jasidi wanaofanya hivi wananyonya chembe moja moja za jani na kuliacha tupu, ndo mana doti.

Bamia, pamba, biringanya, majani yanakuwa manjano pembeni kisha mekundu au kahawia, kingo zinajikunja kwenda chini: hapo mtuhumiwa wa kwanza ni jasidi wa kijani wa kundi la Empoasca na jamaa yake Jacobiasca. Ila kwa huku kwetu usikurupuke, jua la Oktoba na ukosefu wa maji vinaunguza kingo vilevile, na upungufu wa potasiamu pia. Kama hamna maganda na hamna kinachoruka ukipiga jani asubuhi basi usimsingizie mtu.

Asubuhi nimesema makusudi. Upepo wa Dodoma ukishaanza saa nne hivi huwapati, wanajibana chini. Nenda saa kumi na mbili na nusu, kuna baridi, wamezubaa, pitisha neti juu ya nyasi mara ishirini thelathini kisha ikunje mdomo haraka. Jihadhari na miiba, neti yangu ya kwanza ilichanika siku hiyohiyo. Kuwatoa kwenye neti tumia kinyonyeo: chupa ndogo ya plastiki, mipira miwili kwenye kifuniko, mmoja unaelekeza kwa mdudu mwingine mdomoni, na huu wa mdomoni ufungwe kitambaa kwa ndani. Kitambaa usisahau. Mimi nilisahau.

Mahindi yana milia, je jasidi uliyemkamata ndo mwenyewe?

Hapa tukae kidogo mana ndo penye mambo, na ndo jasidi wa kwetu hasa.

Kwanza hakikisha milia yenyewe. Ugonjwa wa milia ya mahindi unaanza na vidoti vyeupe mviringo kwenye sehemu ya chini ya majani machanga, karibu na shina, afu vinakuwa mistari membamba iliyokatikakatika sambamba na mishipa, na majani yaliyokuwa yameshafunguka kabla mmea haujaambukizwa yanabaki safi. Hiyo ya mwisho ndo alama nzuri kuliko zote. Ukiona milia imeanzia majani ya chini yaliyozeeka na iko mirefu haikatiki, fikiria magnesiamu. Ukiona bendi pana nyeupe kando ya uti wa jani kwenye nusu ya chini, fikiria zinki. Hizo ni mbolea, jasidi hahusiki.

Kama ni milia kweli, anayeibeba ni jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Cicadulina. Ni kadogo, milimita 3 hivi, ka njano, mabawa yana mistari ya kahawia, na juu ya kichwa kati ya macho kuna doti mbili nyeusi za mviringo kama mtu kachomeka vichwa vya pini. Maarufu zaidi ni Cicadulina mbila, alipewa jina na Naudé mwaka 1924. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaandikwa na Claude Fuller huko Natal, Afrika Kusini, mwaka 1901 ila kwa nini mahindi yanakuwa vile hawakujua, mpaka miaka ya 1920 mtafiti H. H. Storey alipomkamata huyu mdudu kama mbebaji.

Sasa watu wawili wanakosea hapa kwa njia mbili. Wa kwanza anaona doti mbili anasema "mbila". Hapana. Jenasi ya Cicadulina ina ndugu kibao Afrika, wengi wana doti mbili hizohizo, na kuwatofautisha lazima ufike kwenye mkia wa dume, hamna njia ya mkato.

Wa pili kweli anamkamata mbila halisi, anasema basi huyu ndo kaniambukizia shamba. Storey baadaye alifanya kazi hapa kwetu, Amani kule Usambara, na mwaka 1932 akachapisha kitu ambacho mi nakipenda mpaka leo: ndani ya mbila haohao kuna wanaoweza kubeba kirusi na wasioweza, na huo uwezo unarithiwa, alizalisha akaona unafuata jinsia. Afu akachukua wasioweza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, wakaanza kuambukiza. Yaani kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Spishi ileile, shamba lilelile, mmoja ana hatia mwingine hana. Kwa hiyo ukimaliza kutambua spishi umejibu "nani", hujajibu "kafanya nini".

Na wale wanaoniuliza mdudu wa kienyeji unamjuaje, mfano ni huyuhuyu. Mahindi yalitoka Amerika yakaletwa na meli za Wareno, lakini mbila na kirusi chake ni wa Afrika, walikuwa kwenye nyasi za huku kabla hata hatujajua ugali wa sembe. Mmea mgeni, mdudu mwenyeji. Kwa hiyo kumkuta kwenye zao la kigeni si sababu ya kumwita mgeni. Chukua neti uende kwenye nyasi za porini nje ya shamba, ukimkuta na huko amejaa umeanza kupata picha.

Ni jasidi, ila hujui umuweke kundi gani

Haraka haraka. Mdogo mwembamba, milimita 2 mpaka 4, mishipa ya bawa la mbele inakwenda sambamba bila kukutana mpaka karibu na ncha: Typhlocybinae, hao wa vidoti vyeupe. Mwenye vyumba vilivyofungwa katikati ya bawa, na vijicho viwili vya ziada vimekaa kwenye ukingo wa mbele wa kichwa karibu na macho makubwa: jaribu Deltocephalinae, nusufamilia kubwa kuliko zote, wa nyasi nyasi hawa, na Cicadulina yumo. Mwenye uso uliovimba kama anapuliza puto na vijicho vyake viko juu ya utosi: Cicadellinae. Uso umevimba kwa sababu ya misuli ya kunyonya, anavuta maji kutoka mishipa inayopandisha maji toka kwenye mizizi, na hiyo inataka nguvu. Cofana spectra ni wa huku, mweupe, mkubwa, ana doti nyeusi kichwani, anaishi Afrika mpaka Asia kwenye nyasi na mpunga. Huyo ukimuona mara moja humsahau.

Wapo wengine wengi, wa miembe, wa vichaka, ila ukizijua hizi tatu umeshapunguza chupa yako sana.

Mtaalamu amekujibu "haiwezekani kutambulika"

Inauma, najua. Sababu karibu kila mara ni mojawapo ya hizi.

Umetuma watoto. Tunutu wa jasidi anajivua mara tano kabla hajawa mkubwa, hana mabawa kamili, ana vibawa vya kuchipukia tu, na anatembea upande upande kama kaa. Hamna atakayekupa spishi hapo. Ukiweza mfuge kwenye chupa yenye kitambaa na tawi la mmea ulipomkuta mpaka akue.

Umetuma majike. Hii ilinipata mimi, jasidi kumi na nne wa doti mbili kutoka nyasi za pembeni ya mtama Hombolo, nimewapanga vizuri, nimewasafirisha, jibu likarudi mstari mmoja: wote majike. Jasidi wengi wanatofautishwa kwa umbo la viungo vya dume, hasa uume na vipembe vya pembeni yake, majike wa spishi mbili wanaweza kufanana kama pacha. Ningeweza kujua kabla ya kutuma. Mgeuze chali: jike ana mstari mrefu katikati ya mkia, kama kisu kwenye ala, hicho ni cha kutagia, dume ana vibamba viwili vimekutana kama viganja. Sekunde kumi tu.

Halafu wakati mwingine dume na jike hawafanani rangi ukawahesabu spishi mbili. Nephotettix wa kijani kwenye mpunga, dume ncha za mabawa ni nyeusi tii, jike kawaida hana huo weusi. Mwanafunzi mmoja alikuja na orodha ya "spishi saba" za jaruba moja, tukawageuza chali, zikabaki nne.

Ukishapata dume kata ncha ya tumbo, iloweke kwenye potasiamu haidroksaidi asilimia 10 usiku kucha mpaka nyama iyeyuke ibaki ganda (inaunguza ngozi, vaa glavu, weka mbali na watoto), suuza na maji, kisha weka kwenye glisirini ya duka la dawa uangalie kwa hadubini. Hicho kipande kisitengane na mwenye nacho milele. Kichupa kidogo, pini moja, lebo moja.

Umeangalia dume na bado hafanani na mchoro wowote

Kabla hujajitangazia spishi mpya, kagua tumbo. Kama kuna kifuko kinaning'inia ubavuni, cheusi au cha njano, huyo ni mtoto wa nyigu wa Dryinidae anakula jasidi akiwa hai. Wengine hawaonekani kwa nje, nzi wa Pipunculidae wanakaa ndani kabisa ya tumbo. Jasidi aliyeliwa hivyo viungo vyake vinasinyaa au vinabaki nusu, rangi nayo inaweza kubadilika, ukimchora huyo ukasema ndo kielelezo umetengeneza spishi hewa kama wafanyakazi hewa. Tafuta madume wengine watatu wanne wa sehemu ileile, wakifanana na mchoro basi yule wa kwanza alikuwa mgonjwa.

Alikuwa kijani, sasa ni njano

Ni spiriti uliyomhifadhia. Kijani cha jasidi hakidumu humo, kinafifia kuwa njano au kahawia, halafu unafungua ufunguo wa kutambua unaulizwa "je mwili ni kijani?" unajibu hapana unapotelea huko. Piga picha akiwa hai, au andika rangi palepale shambani. Na ile spiriti ya rangi ya kusafishia vidonda usiitumie, inampaka. Tafuta ethanoli safi ya asilimia 70 hadi 80, na kama unataka vinasaba vipimwe baadaye tumia 95 na uweke mahali pa baridi. Ila vinasaba navyo visikudanganye, kile kipande cha jeni ya COI wanachosoma, herufi 658 hivi, kinakupa jina kama tu kuna mtu alishaweka ya spishi hiyo kwenye hazina, vinginevyo unapata "jirani wa karibu", yaani umerudi kwenye apu ya shemeji.

Mitego ya gundi ya njano inakamata sana lakini jasidi anatoka humo miguu imebaki, na mguu ndo tulianza nao. Tumia kuhesabu, usitumie kutambua.

Lebo

Andika kijiji, tarehe, kimo au alama ya ramani, jina lako, na mmea. Mmea usiandike "nyasi". Vunja tawi lenye maua, likaushe kwenye gazeti, mtu wa mimea atakusaidia, mana nusu ya kumjua jasidi ni kujua anakula nini. Tumia penseli, wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti unabaki na kikaratasi cheupe na maji ya bluu.

Wale kumi na nne wa Hombolo ninao bado, kichupa kimoja, lebo inasema Cicadulina sp., majike. Doti mbili zao bado zinaonekana. Desemba mvua zikinyesha narudi pale pembeni ya mtama saa kumi na mbili na nusu, na safari hii nawageuza chali hukohuko.